Rekodi Mbili za Wimbo Mmoja

Mhadhara wa hadhara, Mocímboa da Praia

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana wa Milamba na Nanduadua mlioacha mpira jioni hii, nashukuru mmekuja. Walioniita walitaka nizungumze juu ya koncheto za fidla za Ulaya ya kale, muziki uitwao wa Baroki, na jinsi wasikilizaji wanavyozilinganisha rekodi zake. Nikakubali kwa sharti moja: wanipe ruhusa ya kupitia Unguja. Kutoka bandari hii, hiyo ndiyo njia tunayoijua.

Koncheto ni muziki wa kundi la fidla, za sauti ya juu na za sauti nzito, ambamo mpigaji mmoja, wawili au hata wanne hutengwa na wenzao. Kundi zima hufungua kwa kipande chao. Aliyetengwa hujitokeza, akazunguka anakokujua yeye, kundi likamrudisha kwa kile kipande cha mwanzo au nusu yake, naye akatoka tena. Antonio Vivaldi, padri wa Venice aliyeanza mwaka 1703 kufundisha fidla katika nyumba ya wasichana waliotelekezwa iitwayo Pietà, aliandika mamia ya koncheto za namna hii. Mkusanyo wake wa koncheto 12, L'estro armonico, ulichapishwa Amsterdam mwaka 1711. Nakala zikafika Ujerumani, Johann Sebastian Bach akakaa nazo, akazigeuza kwa mkono wake. Ile ya fidla nne akaifanya ya hapsikodi nne, yaani vinanda vya kale.

Mtu aliyezoea taarabu ya Unguja atauliza: mbona hii ni bashraf? Hajakosea sana. Bashraf, ule muziki usio na mwimbaji ambao kundi la taarabu hufungulia shughuli, asili yake ni Uturuki, ukapita Misri kabla ya kufika kwetu. Umbo lake la asili ni vipande vinne viitwavyo khana, na baada ya kila kimoja hurudi kipande kisichobadilika, ndiyo taslim. Tofauti iko hapa: katika bashraf hatengwi mtu. Udi, kanuni, nai na fidla hufuata njia moja, kila ala na madoido yake. Katika koncheto yuko anayejitenga na wako wanaomvuta arudi. Sidai kwamba Venice ilimwiga Mturuki wala Mturuki aliiga Venice. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa na bashraf limekwisha kupata nusu ya elimu ya kumsikiliza Vivaldi, na anayeingia chumba hiki akidhani anakuja kujifunza kitu cha watu wengine kabisa aingie bila hofu.

Wala siyo kwamba fidla hizi zinapigwa mbali tu. Maputo kuna mradi wa Xiquitsi, ulioanza mwaka 2013, unaofundisha watoto na vijana muziki wa okestra. Aliyeuongoza tangu mwanzo, Eldevina Materula, ni mpigaji wa oboe aliyefanya kazi katika okestra ya mji wa Porto kule Ureno, na mwaka 2020 akawa waziri wetu wa utamaduni na utalii. Unguja, chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kilifunguliwa mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha pale Mji Mkongwe, na fidla inafundishwa humo pamoja na kanuni na udi.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Wapenzi wa koncheto wakikutana huulizana swali moja: nani kapiga vizuri zaidi? Wana haki ya kuuliza, maana koncheto moja mashuhuri inaweza kuwa na rekodi mamia. Lakini swali hilo huja mapema mno. Kabla yake kuna maswali matatu: mashine ilifanya nini, chumba na muda vilifanya nini, na kilichobaki, ambacho ndicho cha mpigaji, ni kipi? Asiyetenganisha haya atampongeza mpigaji kwa kazi ya sindano, au atamlaumu kwa kosa la betri.

Mfano wangu ni koncheto ya Bach ya fidla mbili. Fidla hizi ni za daraja sawa, na Bach amemtukuza wa pili kwa ujanja: sehemu ya kwanza na sehemu ya katikati, anayeanza ni fidla ya pili, ya kwanza inafuata nyuma na maneno yaleyale. Hakuna bwana na mtumishi.

Mwaka 1915 Fritz Kreisler na Efrem Zimbalist waliirekodi Marekani. Siku hizo maikrofoni haijaingia kazini. Watu walipiga mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora kwenye nta. Okestra nzima haienei mbele ya pembe, na sauti nzito hazishikiki vizuri. Kwa hiyo badala ya okestra wakawekwa wapigaji wanne tu. Nimewahi kumsikia mtu akiisifu rekodi hii kwa utulivu wake na kwa jinsi wapigaji walivyo karibu na msikilizaji. Anaisifu pembe. Na kichekesho ni kwamba miaka mingi baadaye wataalamu wa ala za kale walirudi kwenye vikundi vidogo vya namna hiyo kwa hiari yao, wakisema Bach mwenyewe hakuwa na okestra kubwa.

Mwaka 1932, mjini Paris, Yehudi Menuhin aliirekodi pamoja na mwalimu wake, Mromania George Enescu, okestra ikiongozwa na Pierre Monteux. Menuhin alikuwa na miaka 16, Enescu kapita 50. Maikrofoni ipo sasa, okestra inasikika, lakini santuri bado inazunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja unabeba dakika nne na kitu. Koncheto ya robo saa na ushei ilibidi ikatwe vipande. Wakati unasikiliza rekodi hiyo iliyounganishwa upya kwa mashine za leo, kumbuka kwamba wale wawili walikuwa wanasimama, wanasubiri nta nyingine, wanaanza tena. Pamoja na hayo, mimi kwa maoni yangu sijasikia mazungumzo ya fidla yaliyo na uhai kama yale. Mtoto anapaza, mzee anajibu kwa sauti ya chini kidogo, yenye mchanga ndani yake, wala hamwigi. Unajua kila wakati nani anasema.

Halafu mwaka 1946 Jascha Heifetz akafanya jambo ambalo Bach hakuliota. Akapiga fidla zote mbili yeye mwenyewe, moja ikarekodiwa juu ya nyingine. Kwa usafi wa vidole hakuna wa kumfikia. Lakini sikilizeni sehemu ya katikati, ile ya polepole, ambamo fidla moja hushika sauti ndefu ili mwenzake apite. Katika rekodi ya 1946 hakuna anayempisha mtu; kila mmoja anajua mwenzake atatua wapi kwa sababu ndiye yeye. Mwaka 1961 Heifetz aliirekodi tena London, safari hii na mwanafunzi wake Erick Friedman. Wako wanaosema mwanafunzi alijibana asimpite mwalimu. Inawezekana. Hata hivyo mtu wa pili yupo chumbani, na sikio linamtambua. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili, nachukua ya 1961 na hitilafu zake.

Mnaona tumefika wapi: rekodi nne, muziki uleule ulioandikwa, na katika tatu kati ya hizo kitu kikubwa tunachokisikia kiliamuliwa na mashine. Pembe ilipunguza okestra. Nta ilikata wimbo. Ufundi wa kubandika sauti juu ya sauti ulimfuta mtu mmoja.

Kuna jambo jingine la mashine linalowadanganya hata wajuzi, nalo ni kimo cha sauti. Okestra nyingi za leo huweka sauti ya La karibu na hezi 440. Vikundi vinavyotumia ala za kale, vyenye nyuzi za utumbo wa kondoo na pinde za umbo la zamani, kwa kawaida hushuka hadi 415, karibu nusu hatua chini. Basi mtu akisikia rekodi iliyo chini hudhani amekutana na wataalamu wa ala za kale. Lakini santuri ya 78 ukiizungusha mara 82 kwa dakika inapanda karibu nusu hatua, na zamani si kila santuri ilirekodiwa kwa 78 kamili. Sisi wa kaseti tunalijua hili bila darasa. Betri zikichoka, mwimbaji anageuka mzee, harusi nzima inaingia usingizi.

Na simu, jamani. Spika ya simu haina nguvu ya sauti nzito. Koncheto ya Baroki imejengwa juu ya msingi wa selo na hapsikodi zinazotembea chini muda wote. Ukiisikiliza kwenye simu peke yake umebakiza paa bila nyumba. Vijana, ungeni spika, au vaeni vile vya masikioni, kisha ndiyo mje tubishane.

Baada ya kuondoa kazi ya mashine, kinabaki nini cha mpigaji? Nitawapa kipimo kimoja ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia nyumbani, naye ni mbwa.

Mwaka 1725 Vivaldi alichapisha Amsterdam mkusanyo ambao koncheto zake nne za kwanza zinaitwa Majira Manne. Kila moja ilichapishwa na shairi linaloeleza kinachotokea, na maelezo yakawekwa pia juu ya noti za wapigaji. Katika sehemu ya polepole ya Majira ya Kuchipua, mchunga mbuzi amelala. Fidla ya mpigaji mkuu ndiyo usingizi wake. Fidla nyingine zinanong'ona polepole, hizo ni majani. Na viola, ile ala iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, inapiga noti mbili, inanyamaza, mbili tena. Huyo ni mbwa anayebweka. Vivaldi ameandika amri: viola ipigwe kwa nguvu sana wakati wote, kwa kukwaruza.

Sasa linganisheni. Louis Kaufman aliirekodi New York mwishoni mwa Desemba 1947, mbio mbio, kwa sababu chama cha wanamuziki cha Marekani kilikuwa kimetangaza marufuku ya kurekodi kuanzia Januari 1948. Rekodi hiyo ndiyo iliyoanza kuifanya koncheto hii ijulikane duniani. Kundi la I Musici la Roma likaipiga miaka ya 1950 likiwa na Félix Ayo, na santuri zao zikaingia nyumba nyingi. Fidla za Ayo ni tamu, majani ni laini, na mbwa ni wa adabu mno: anabweka kama anayeomba radhi. Kisha mwaka 1977 Nikolaus Harnoncourt wa Vienna, pamoja na mkewe Alice kwenye fidla kuu, wakatoa yao kwa ala za kale. Mbwa akaamka. Viola inakwaruza kweli, mtu anaweza kushtuka. Wasikilizaji wengi wakakasirika, wakasema huu si uzuri. Miaka ya 1990 vikundi vya Italia vyenyewe, Il Giardino Armonico na Europa Galante ya Fabio Biondi, vikaendelea na ukali huo hadi leo wengi wanauona wa kawaida.

Nani kapiga vizuri? Kwa amri iliyoandikwa, Harnoncourt anashinda bila ubishi. Lakini mchunga mbuzi wa Ayo analala vizuri zaidi. Mimi nimechagua mbwa mkali, kwa sababu bila yeye usingizi ule hauna maana: mchungaji analala kwa kuwa mbwa yuko macho. Anayechunga mbuzi hapa anaweza kunisahihisha. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapa hatulaumu mashine tena. Maikrofoni za miaka ya 1950 zingeweza kabisa kushika ubwekaji. Watu waliamua kutobweka. Hapo ndipo ulinganishaji wa wapigaji unapoanza.

Sasa nirudi Unguja kama nilivyoahidi, maana kipimo hiki kina kazi kubwa zaidi kwetu.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na kundi lake kwenda Bombay kuirekodia kampuni ya His Master's Voice. Ndiyo kampuni ileile iliyomrekodi Menuhin na Enescu miaka minne baadaye, yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mbwa wananifuata leo. Siti aliimba kwa udi na fidla. Taarabu ya usiku Unguja haina haraka: beti hurudiwa, watu hutunza, fidla hujibu, mwimbaji akapewa nafasi ya kuirefusha sauti. Upande wa santuri hauna nafasi hiyo. Kwa hiyo tunaposikia leo kwamba Siti anaimba kwa mkazo na haraka, ubeti juu ya ubeti, tusikimbilie kusema hiyo ndiyo taarabu ya 1928. Hiyo ni taarabu ya 1928 iliyokunjwa ikaingia kwenye duara la santuri.

Tunajuaje kwamba imekunjwa? Kwa kuwa zipo rekodi nyingine. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mtu aliyemuua mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, ulikuwa wa kundi la Siti. Miongo mingi baadaye Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, aliuimba na ukarekodiwa wakati ambapo upande wa santuri haumlazimishi mtu tena. Wimbo umepanuka. Sauti ya Siti ni ya juu na nyembamba, inapita puani, inakata. Ya Bi Kidude ni pana, ya kifua, ina moshi na ngoma za unyago ndani yake. Siti anaripoti kosa kama shahidi aliyekuwa mahakamani jana. Bi Kidude anasimulia kama mtu anayejua kwamba mahakama imekwisha fungwa na haki haikupatikana. Tofauti ya urefu ni ya mashine. Tofauti hii ya pili ni ya watu, na mimi siwezi kuacha hata moja ya rekodi hizo. Bi Kidude alifariki Aprili 2013. Hatutapata nyingine kutoka kwake.

Fidla nazo. Mwaka 1988 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikwenda Unguja ikarekodi vikundi vya taarabu, vikiwemo Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club. Wekeni rekodi hizo kando ya santuri za Bombay. Kule fidla ni moja, inamfuata mwimbaji kama kivuli. Hapa fidla ni kundi, pamoja na akodiani, na nyayo za okestra za filamu za Kimisri ziko wazi. Mwenye kusema taarabu ya asili ni hii na si ile, mwulizeni kwanza asili yake ni ya mwaka gani.

Nimekaa sana Unguja. Niseme la hapa, kisha nikae chini.

Koncheto ya Bach ina rekodi nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kutumia maisha yake akizilinganisha. Kijiti tunaweza kuulinganisha. Je, nyimbo zetu? Tufo, ile ngoma ya mama zetu, nyimbo za harusi za Kimwani, zeze ya uzi mmoja ya wazee wa bara: mimi niliyesimama hapa sina wimbo hata mmoja wa Mocímboa ninaoujua kwa rekodi mbili zenye tarehe. Nina kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti, bila jina. Mji huu ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, ukakombolewa tarehe 8 Agosti 2021, na kati ya tarehe hizo nyumba ziliungua na watu wakatawanyika Pemba ya huku kwetu, Palma, Mueda na ng'ambo ya Rovuma. Kaseti haikuwa kitu cha kwanza mtu kubeba, wala sitegemei iwe hivyo. Lakini waliotawanyika waliimba huko walikokaa. Tufo iliyopigwa kambini kwa ngoma za kuazima si tufo ya hapa pwani, na zote mbili ni zetu. Mtu akiniambia turekodi ile nzuri tu, namjibu kwamba rekodi moja haina wa kuipinga, na isiyo na wa kuipinga tutaiamini hata pale inapotudanganya.

Kwa hiyo nina ombi, na ni la kazi. Mwenye simu arekodi wimbo uleule zaidi ya mara moja: harusini na nyumbani, kwa kundi hili na kwa kundi lile, kwa waliobaki na kwa waliorudi. Aombe ruhusa kwanza. Kabla ngoma haijaanza atamke mwenyewe siku, mahali, na ngoma ngapi zinapigwa. Aiweke simu palepale hadi mwisho, asiizime wimbo unapochelewa, maana kuchelewa kwenyewe ndiko tunakotaka kukusikia. Na yeyote mwenye kaseti ya zamani, hata iliyokunjika, asiitupe na asiirudie juu yake. Ailete tuinakili, arudishiwe siku hiyohiyo. Mama zetu wa tufo wakiridhia, tuanze Ijumaa hii baada ya alasiri.